Neno Ubavuni mwa Pipa

Harufu ya plastiki iliyopigwa na jua, katika nyumba ya wageni hapa Mbale, imenirudisha utotoni, mtaani kwetu Walukuba, kwenye pipa la buluu ambalo mama alilinunua kiwandani. Majirani wote walihifadhi maji katika mapipa ya namna hiyo, wakishayasugua kwa mchanga na majivu. Letu lilikuwa na neno moja ubavuni: ätzend.

Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu aliyesomea ufundi Ujerumani, alilisoma, akalisoma tena.

“Afande, linasema nini?” mama akauliza.

“Kali. Kitu kinachokula ngozi. Vijana wa kule humwita hivyo hata mtu anayewachosha.”

“Basi wewe wangekuita hivyo.”

Hakucheka. “Nani amekunywa maji haya?”

“Mimi tu,” mama akajibu. “Chombo kipya, mama huonja kwanza.”

Mama aliyamwaga maji yote, kisha akaendelea kumenya matoke. Nilikaa miguuni pake nikimwuliza maswali ya ovyo, moja baada ya jingine, ili azidi kufungua kinywa, nione kama ulimi wake bado upo.