Jioni Mama Alipokula Samaki Asiyeguswa na Moto

Mama alipopata cheti chake cha kidato cha nne, akiwa na miaka hamsini na saba, nilimwuliza anataka tusherehekee vipi. Nilidhani atasema tuchinje kuku nyumbani Butere, majirani waje tule obusuma, ugali wetu, na kuimba. Akasema anataka kuonja chakula cha watu wa Amazoni. Alikuwa amesoma habari za mto huo katika jiografia, na majina ya nchi zile yalikuwa yamemkaa mdomoni kama sukari nguru.

Mjini Kakamega, ninakofanya kazi, kulikuwa na mkahawa mpya wa vyakula vya Amerika ya Kilatini. Mwenyewe ni mtu wa Malava aliyepika Peru miaka mingi. Nilikuwa nikipita mlangoni kila siku bila kuthubutu kuingia: meza zina vitambaa vyeupe, glasi zina miguu mirefu, na gitaa linalia taratibu kutoka mahali usipopaona. Niliweka nafasi ya watu watatu, saa kumi na mbili jioni. Mama, Baba, na mimi kifungua mimba wao.

Hilo la kifungua mimba ndilo lililoninyima raha. Tangu utotoni nilijua kwamba Mama aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba, na mimba yenyewe ni mimi. Hakuna aliyewahi kunisuta. Lakini kila nilipoleta ripoti nzuri kutoka shuleni, nilimkabidhi nikiwa nimeinamisha uso.

Kwa hiyo jioni ile sikutulia. Nilipanga uma upya, nikazipangua. Nilimweleza Mama vyakula ambavyo mimi mwenyewe sikuvijua. Mguu wangu ulicheza chini ya meza mpaka maji yakatikisika kwenye glasi. Baba, mkulima wa miwa maisha yake yote, alimwuliza mhudumu kwa Kiluhya kama kuna ugali. Yule dada akamjibu kwa lugha hiyohiyo kwamba hakuna, ila kuna vikate vya mahindi, vya moto.

Samaki akaja kwanza, mbichi, amelowekwa kwenye maji ya ndimu pamoja na vitunguu na pilipili. Baba aliposikia kwamba samaki huyo hakupita motoni kabisa, aliweka uma chini. Mama alionja, akafikiri, akaonja tena.

"Ndimu imemwivisha," akasema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari.

Nilikuwa nimeandaa maneno machache ya kumpongeza. Nikainua glasi ya maji ya matunda, nikaanza vizuri, halafu nikapotea njia.

"Mama, nisamehe," nikajikuta nasema. "Ulikatiza masomo kwa ajili yangu."

Alifuta midomo polepole. "Nani alikwambia hivyo?"

"Kila mtu anajua."

"Hawajui. Ulipofika miezi minane, nyanya yako alikuwa tayari kukulea. Sista aliyekuwa mwalimu mkuu aliniandikia barua nirudi darasani." Akamtazama Baba, bila ukali. "Barua ilipitia mikononi mwa baba yako. Niliikuta miaka sita baadaye kwenye sanduku lake, chini ya kadi za ubatizo. Wakati huo nilishakuwa na watoto watatu."

Nilimgeukia Baba nikingoja akane. Hakukana. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Miaka yote hii umekuwa ukijua," akasema.

"Nilijua."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenijibu nini?"

Mhudumu alileta mishikaki ya nyama, akaona nyuso zetu, akaiweka na kuondoka. Baba akasema kwamba aliogopa. Yeye aliishia darasa la tano. Aliona mke akisoma hatarudi kwake.

"Huenda nisingerudi," Mama akasema, akamwomba amsogezee pilipili.

Nilitarajia kupumua. Mzigo niliobeba tangu utotoni ulikuwa umetuliwa, lakini umemwangukia baba yangu, papo hapo, mezani nilipowaalika mimi. Nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikatazama barabara bila kuona kitu, nikarudi.

"Keti," Mama akaniambia. "Unatuzungusha kichwa."

Nilipoketi akatueleza mengine. Alikuwa ameomba nafasi katika chuo cha walimu wa chekechea hapa mjini na amekubaliwa. Siku za juma atakaa kwangu, Ijumaa atarudi Butere. Hakuwa akiomba ruhusa. Baba aliuliza ataanza lini, akaambiwa, akaitikia kwa kichwa. Baadaye nilimwona akila kipande kimoja cha yule samaki, kwa kujilazimisha, huku Mama akiangalia pembeni.

Sasa Mama yuko muhula wa pili. Baba anajipikia, na kila jioni ananipigia simu kuuliza kama Mama amekula. Nikimwambia nimpe simu waongee, anasema nimwache, anasomanga saa hizo. Nilimwuliza Mama siku moja kama amemsamehe. Akasema ana kazi ya kuwasilisha Alhamisi. Jumapili huwaona wamekaa bega kwa bega kanisani, wakishiriki kitabu kimoja cha nyimbo, na mimi nyuma yao nashindwa kuimba, sijui nimkasirikie nani.