Pastrami ya Ibra, Isiyotiwa Jibini

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kisu kirefu kama barabara ya Salala, nikaulizwa, "Sefu, unajua kukata nyama?"

"Arbabu, mimi nimezaliwa na kisu mkononi," nikajibu. Marehemu mama angenisikia angenizaba kofi.

Arbabu ndivyo tulivyomwita mwenye duka, kama wafanyakazi wengi wa huku upande wa Maskati wanavyowaita mabwana zao. Duka lilikuwa Ibra, kando ya barabara kuu, miaka ya tisini mwanzoni. Mimi nilikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Unguja, sina cheti hata cha kuchanjwa. Cheti nilikuja kukipata baadaye katika masomo ya jioni aliyonilipia yeye, na tangu siku hiyo Arbabu hakuniita tena Sefu. Aliniita Msomi, mbele ya wateja, kwa sauti ya kusikika Mudhaibi.

Basi nikakata. Nyama ya ng'ombe ina nyuzi kama nguo. Ukikata kuzifuata, mteja atatafuna kamba; ukikata kukingamana nazo, kipande kinamyeyukia. Mimi nilizifuata. Arbabu akatafuna tangu adhuhuri mpaka adhana ya laasiri, akakitoa kipande mdomoni, akakitazama.

"Hii itafaa kufungia mbuzi," akasema.

Nyama yenyewe ni pastrami, na nyinyi vijana mnaoipata siku hizi imefungwa kwenye plastiki, baridi kama kiatu, mniwie radhi: hiyo hamjaila. Arbabu aliijua Marekani. Alitoka Unguja kijana, akazurura na meli, akaishia New York akiosha vyombo katika duka la mzee mmoja wa Kiyahudi. Alikuwa mgeni, ana njaa, hajui ale wapi. Aliponusa duka lile akauliza kama mna nguruwe. Mzee akamjibu, "Nguruwe? Humu? Unataka mama yangu afufuke?" Akakaa pale miaka saba.

Alituhadithia duka lile mpaka tukalijua kuliko nyumba zetu: mapipa ya achari ya matango, haradali ya kuchoma pua, mkate mweusi wenye kisibiti, na mkate mmoja umejazwa nyama mpaka huwezi kuufunga mdomo. Na yule mzee nyuma ya meza, kisu mkononi, akigombana na kila aliyeingia. Jambo moja lilikuwa haramu mlemle: nyama na maziwa havichanganywi katika dini yao. "Ukimwomba jibini juu ya nyama," Arbabu alisema, "anakutimua kama umemposa binti yake."

Ndiyo maana dukani kwetu jibini haikutiwa. Watu wa Ibra waliiomba kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Jawabu lilikuwa moja.

Alichokitaka Arbabu ni kuila tena nyama ile kabla hajafa. Biashara kwake ilikuwa kisingizio. Na mimi nilichokitaka, Mungu anisamehe, ni kumsikia akisema "ndiyo hii". Nilingoja neno hilo miaka kumi na nne.

Kazi ilikwenda hivi. Unachukua kidari, nyama ya kifuani yenye mafuta yake. Unakilaza katika maji ya chumvi, sukari na kitunguu thomu wiki nzima kwenye baridi, ukikigeuza kila siku kama mgonjwa. Kisha unakipaka pilipili manga na giligilani zilizopondwa, nyingi, mpaka kiwe cheusi. Kisha moshi. Arbabu alituambia, "Moto mpole, moshi, muda mrefu," akaenda zake Maskati.

Sasa mwambie mtu wa mkoa wetu wa Sharqiyah moto mpole, moshi, muda mrefu, halafu uondoke. Kuna jambo moja tu analolijua! Tukachimba shimo uani, tukawasha kuni za samri, tukavifunga vidari katika makuti, tukavifukia kama shuwa, nyama ya shimoni ya Idi. Siku ya pili tukafukua. Haikukatika kwa kisu, ilikatika kwa kuitazama. Wateja wakaja mpaka kutoka Al Kamil, nakuapieni, foleni ilifika wadini, kwenye bonde la mto mkavu.

Arbabu akarudi, akaonja, akafumba macho.

"Nzuri sana," akasema. "Idi mubaraka. Lakini bado."

Tukajenga sanduku la bati la kufukizia, tukaacha kufukia. Ikabaki desturi ya kipande. Kule Marekani, mkataji humpa mteja anayengoja kipande cha kwanza, cha moto, mkono kwa mkono. Arbabu akataka vivyo hivyo. Nikampa kijana wa mbele. Akasema, "Astaghfirullah, mbele ya ami yangu?" Akampa wa nyuma. Ami akampa mzee wa nyuma yake. Kipande kikasafiri foleni nzima kikitafuta mkubwa wa wote, kikamfikia babu mmoja aliyekaa nje garini, hana meno, kimekwisha poa. Akakirudisha kwa heshima. Ikabidi tukate vya watu wote katika sahani, tuanzie kuliani kama kahawa. Arbabu alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mzee wangu angekufa kwa hasira." Nikaona jinsi anavyomkumbuka.

Tawi la pili lilikuwa Sur, mji wa wavuvi, nami nikapelekwa huko kuwa msimamizi. Watu wa Sur waliinusa nyama yangu wakaniuliza, "Samaki nguru wa moshi huna?" Hata hivyo ni Sur nilikopata siri. Nyama yetu ilikuwa na ladha lakini ngumu. Siku moja nilitaka kupasha kipande cha chakula changu cha mchana, jiko moja tu, na juu yake sufuria ya wali. Nikakiweka katika chujio juu ya mvuke, nikakisahau. Nilipokifunua kilikuwa kinatetemeka. Kumbe baada ya moshi huja mvuke! Arbabu hakuwahi kutuambia kwa sababu hakuwahi kujua. Yeye alikuwa upande wa masinki.

Nikampelekea Ibra mbio, bakuli nimelipakata kama mtoto. Akala.

"Nyama ndiyo," akasema.

Moyo wangu ukaruka.

"Lakini bado."

"Bado nini, Arbabu?"

"Sijui, Msomi. Ningejua ningekwambia."

Miaka ikapita. Kuku wa kukaanga wakaingia mjini, vijana wakatuhama. Arbabu akafunga Sur, akafunga Ibra, tukabaki na duka dogo la Nizwa, karibu na soko. Mkate nilipata mwokaji wa Manah aliyekubali kutia kisibiti. Haradali nikasaga mwenyewe. Kila nilipobadilisha kitu nilimpelekea, na kila mara alikula akamaliza, akasema neno lake. Mwisho akaniambia afya haimruhusu tena, mwisho wa mwezi Nizwa nayo inafungwa.

Siku ya mwisho nilitayarisha kidari kimoja kama ninamwoza binti. Arbabu akaja na bakora yake, akasimama upande wa wateja, safari hii hakupita nyuma ya meza. Duka limejaa waliokuja kuaga. Nikamkatia, nikajaza, nikampa kwa mikono miwili. Akauma. Akatafuna.

"Bado," akasema polepole. Kisha akanitazama. "Unajua, Msomi, yule mzee alikuwa akinitukana. Kila siku. Hakuna aliyenitukana tangu nitoke kule."

Mimi nimelelewa kwa shikamoo na kubusu mkono. Mtu aliyenipa kazi, aliyenilipia masomo, ana umri wa baba yangu! Nikapiga kisu mezani.

"We mzee! Unakula au umekuja kupanga chumba? Watu wana njaa, sogea!"

Babu mmoja akashika kichwa. Arbabu akaunyosha mkate wake mbele yangu, macho yamejaa maji, akasema, "Niwekee na jibini."

"Jibini? Toka! Toka dukani mwangu, usirudi!"

Akacheka, akapangusa haradali ndevuni.

"Ndiyo hii," akasema. "Wallahi ndiyo hii."

Alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu. Mimi nimestaafu, nina sanduku langu la bati uani, na majirani wanalalamikia moshi. Mwezi uliopita nilipika kidari kizuri kuliko vyote vya maisha yangu, na hapo siongezi chumvi. Nikakata, nikajaza mkate, nikakaa nikala. Kila kitu kilikuwepo. Nikajisikia nasema, "Bado."

Mke wangu akauliza bado nini. Nikamnyoshea mkate wangu, nikamwambia, "Niwekee na jibini."

Akainuka, mtu wa watu, akaenda kwenye friji kuniletea.