Usiku wa Ijumaa

Mara ya kwanza fundi saa alipoingia dukani kwa Mama Mapazia, hakuja kununua wala kuuza. Alisimama mlangoni, akavitazama vitambaa vilivyoning'inia kama mtu anayetafuta kasoro, kisha akasema, "Mama, saa yako ya ukutani inachelewa."

"Inachelewa kwa faida yangu," alijibu Mama Mapazia bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mteja akidhani bado mapema, anakaa. Akikaa, ananunua. Haya, sema shida yako."

Fundi akacheka, na kwa kicheko kile tu mama akajua kwamba huyu mtu anataka kitu na hana cha kukilipia. Hakukosea. Alichotaka ni kibaraza cha mbele ya duka, mahali pa kuweka meza moja na viti viwili.

Kibanda chake kilikuwa kimebomolewa barabara ilipopanuliwa. Lakini hata kabla ya tingatinga kufika, kazi ilikwisha kufa. Watu waliangalia saa kwenye simu, na waliokuja kwake walitaka mkanda mpya tu. Kisha virusi vikaja, viwanja vya ndege vikafungwa, na vilipofunguliwa vilikuja na sharti jipya: hapandi mtu bila cheti cha kuonyesha kwamba amepimwa na ni mzima. Na cheti chenyewe kilichacha upesi kuliko maziwa. Wafanyabiashara wa mtaa ule, waliozoea kwenda na kurudi na mizigo, wakaanza kulia. Mmoja alipimwa mapema, cheti kikamfia mkononi akiwa kwenye foleni ya uwanjani. Mwingine alisubiri kiwe kibichi, ndege ikaruka majibu yake yakiwa bado maabara.

Wote waliona balaa. Fundi aliona watu wameanza tena kuhitaji saa.

"Kila nchi ina hesabu yake, mama," alieleza. "Hawa wanahesabu tangu kijiti kinapotoka puani. Wale, tangu majibu yanaposainiwa. Hawa wanaishia ndege inaporuka, wale inapotua. Ukichanganya, unarudi nyumbani na sanduku lako."

"Na wewe unazijua zote?"

"Zote."

"Na ukikosea?"

"Sijawahi kukosea."

"Sikukuuliza kama umewahi. Nimekuuliza ukikosea."

Fundi akakuna kidevu. "Nikikosea, nabeba meza yangu naondoka."

"Sasa ndiyo tunaongea," alisema Mama Mapazia, akasimamisha cherehani.

Hakikuwa kibaraza cha kugawa ovyo. Jirani yake, muuza matairi aliyeitwa Matairi na kila mtu, mkewe akiwemo, alikuwa amekiomba mpaka amechoka. Mama alimkatalia kwa sababu matairi yangeziba dirisha, na pazia halinunuliwi gizani. Mtu hukishika kitambaa, akakielekeza kwenye mwanga, akaona rangi yake ya kweli. Lakini binti yake, muuguzi, alikuwa anangoja kibali cha kwenda kufanya kazi ng'ambo, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku ya safari ikifika, kungehitajika mtu wa kuilenga siku ya kupimwa bila kubahatisha. Wakapatana: kibaraza kwa safari ya binti. Hakuna aliyempa mwenzake kitu cha bure, ndiyo maana waliheshimiana.

Fundi akapanga mezani saa zake kuukuu ambazo hazikupata mnunuzi, kila moja ikienda kwa saa ya nchi nyingine. Watu wakambandika jina la Dakika. Alikuwa na maneno mengi na majivuno yasiyoudhi sana. "Pua yako naijua kuliko mumeo," alimwambia muuza viatu mmoja wa kike. "Kesho kijiti, keshokutwa cheti, mtondo uko hewani." Yeye ndiye aliyewaandikisha kwa simu, akawashikia foleni maabara, akawaletea majibu. Waliomsubiri waliingia dukani kujistiri na jua, na aghalabu hawakutoka mikono mitupu. Mama Mapazia aliliona hilo mapema, akakaa nalo kimya. Angemwambia, angetaka na kabati.

Kibali kikatoka. Ndege za upande ule zilikuwa chache msimu huo, na barua ya kazi ilisema wazi kwamba asiyeripoti kufikia Jumamosi, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata. Tiketi ilipopatikana, mama alimpigia Dakika kelele kupitia dirishani, pini zikiwa mdomoni.

"Binti anaondoka usiku wa Ijumaa! Saa saba na robo!"

"Usiku wa Ijumaa," alirudia Dakika. Akafumba macho, midomo ikicheza. "Apimwe Jumatano asubuhi. Cheti nitamkabidhi mwenyewe, hapa hapa."

Jumatano binti akaenda, akatumbukiziwa kijiti, akarudi akipiga chafya.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, Dakika aliingia dukani na kikombe cha chai, akakuta sanduku limefungwa na kusimamishwa kando ya mlango.

"Dada ana haraka," alitania. "Sanduku lishalala kwenye foleni?"

"Haraka gani?" alisema mama. "Si leo anaondoka?"

Kikombe kikasimama njiani, hakikufika mdomoni. "Kesho."

"Leo usiku."

"Mama, ulisema usiku wa Ijumaa!"

"Na usiku wa Ijumaa ni leo! Jua likizama Alhamisi, usiku unaoingia ni wa Ijumaa. Wewe ulilelewa na nani?"

"Na baba yangu, na saa zake! Ijumaa inaanza asubuhi, inakuwa mchana, halafu ndiyo unakuja usiku wake. Usiku utatanguliaje siku yake mwenyewe?"

"Unatangulia, tena tangu enzi za bibi yangu!"

"Basi bibi yako angepanda ndege yake peke yake!"

"Nyinyi wawili," alisema binti, "mkimaliza kugawana usiku, mtaniambia cheti changu kiko wapi?"

Cheti hakikuwapo. Maabara ilipanga sampuli kwa siku ya kusafiri, na Dakika alikuwa amemwandikisha kama msafiri wa kesho usiku. Sampuli yake ilikuwa inasubiri trei ya Ijumaa asubuhi, pamoja na vichupa vingine vya kuingia kwenye mashine kwa mkupuo mmoja. Majibu yangetoka adhuhuri, ndege ikiwa imeshatua upande wa pili.

Walikwenda wote watatu. Msimamizi wa maabara, mwanamke aliyejifunika kwa plastiki kutoka kichwani hadi miguuni, aliwasikiliza kwenye kidirisha. Trei ya mchana huo ilikuwa imejaa, alisema, na mashine haichukui hata kichupa kimoja cha ziada. Mtu wa trei hiyo akikubali mwenyewe kusogezwa hadi kesho, yeye atabadilisha. Vinginevyo, pole.

Dakika alikuwa na mteja mmoja tu kwenye trei ile. Alimtaja kama mtu anayetema kitu kichungu.

"Matairi."

Walimkuta amekalia tairi la lori, akijipepea kwa kipande cha katoni. Alikuwa anaruka Ijumaa jioni kufuata mzigo. Akisogezwa, majibu yake yangetoka adhuhuri ya siku hiyo hiyo. Yangemtosha, ila kwa kubanana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Jirani," alisema, "mimi nilikuomba mara ngapi?"

"Kichukue kibaraza mwezi mmoja," alisema Mama Mapazia.

"Mpaka nikichoke mwenyewe."

"Miezi sita, na dirisha usiliguse."

"Mwaka. Na matairi yanapanda hadi yanapopanda."

"Yakiziba dirisha nitauzaje?"

Matairi akaacha kujipepea. "Hivi ndege ya mtoto inaruka saa ngapi?"

Mama Mapazia alilijua swali lile. Maisha yake yote alikuwa amekula kwa kumjua mwenye haraka. Mwanamke anayetaka pazia la harusi ya kesho haombi kupunguziwa. Mama alikuwa akimtazama usoni kwanza, ndipo anataja bei. Sasa yeye ndiye aliyetazamwa.

"Na mzee wangu hapa je?" Matairi alisema, akimgeukia Dakika. "Ukinichelewesha na mimi?"

Dakika alikuwa amesimama pembeni, akijua vizuri kabisa kwamba kinachouzwa pale ni kiti chake. Angeweza kuguna, angeweza kusema trei nyingine huenda ikapatikana. Badala yake alisema, "Kesho nitakaa mlangoni maabara mpaka majibu yako yatoke. Nitakuletea uwanjani kwa mkono wangu."

"Mwaka," alisema Mama Mapazia. "Chukua. Panda gari twende ukasaini."

Jua lilikuwa bado halijazama Dakika aliporudi na cheti. Binti akakisoma mara mbili, akamkumbatia mama yake, akaondoka. Jumamosi asubuhi aliripoti kazini.

Matairi naye aliwahi ndege yake, akabaki na kijasho tu. Aliporudi, matairi yakaanza kupanda kibarazani. Dakika alikuwa anafungasha saa zake kwenye boksi.

"Sikukosea," alisema bila kumtazama mama.

"Wala mimi."

"Basi kwa nini naondoka?"

"Kwa sababu kibaraza kimeuzwa."

Akafikiri kidogo, akakubali kwa kichwa. Hiyo aliielewa.

Alihamia chini ya ngazi za jengo la pili, karibu na mashine ya kunakili karatasi, mahali penye moshi na wapita njia wachache. Nusu ya wateja hawakumfuata. Waliomfuata walikutana na swali jipya kabla hata ya kukaa: "Nitajie siku unayolalia na siku unayoamkia." Walimcheka, lakini walimjibu, na hakuna aliyeachwa na ndege. Masharti ya vyeti yalipoondolewa, saa zile zikarudi kuwa saa kuukuu, na yeye akarudi kwenye mikanda.

Mama Mapazia alishona mwaka mzima kwa taa mchana kweupe. Kijani kilionekana kama bluu, wateja walirudisha mapazia, na aliokuwa akiwauzia kwa sababu wanamsubiri Dakika hawakuwapo tena. Alipata alichokitaka: mtoto yuko ng'ambo, ana kazi. Anapiga simu usiku baada ya zamu, na kila anapoahidi kupiga tena usiku wa siku fulani, mama anamkatiza.

"Wa kuamkia au wa kulala?"

"Mama, jamani!"

"Nijibu. Mara ya mwisho usiku mmoja ulinigharimu kibaraza."