Jina Lililofagiwa

Ofisini walimwita Ufagio, na mwanzoni alilipenda jina hilo. Kampuni yao ilitengeneza programu za hospitali, na bosi alikuwa na utaratibu wake: kabla ya kumkabidhi mteja kazi, kila faili ifagiwe, maelezo yote ambayo mafundi wa programu huyaandika humo yatolewe, libaki jina la kampuni tu. Hakuna aliyefagia haraka kama huyu dada.

Asubuhi hiyo chai ilimpolea mkononi. Mama yake akamtazama.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Kuna mgeni kazini leo."

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanasheria wa hospitali iliyotaka kununua programu yao mpya, na Ufagio alijua atauliza nini. Roho ilikuwa juu tangu jana. Ile sehemu ya kupanga foleni ya wagonjwa, iliyompa sifa mpaka akapandishwa cheo, hakuiandika yeye. Ilikuwa programu huria. Aliyeitunga aliitoa bure, watu waitumie, waibadilishe, hata waiuze. Leseni yake ilidai tu jina lake na masharti yake yabaki humo. Mistari michache juu ya faili, basi. Naye, kwa mazoea ya mkono, akaifagia pamoja na mengine. Kitu cha kupewa, yeye akakigeuza cha wizi. Akifukuzwa, mama yake atamtegemea nani?

Mgeni alipofika, walikusanyika katika chumba cha kazi, kila fundi mezani pake.

"Humu kuna kazi ya mtu wa nje?" mwanasheria aliuliza.

"Hakuna," bosi alisema, akimwonyesha Ufagio kwa kidevu. "Foleni yote kaiandika huyu dada yetu."

Ufagio angenyamaza, pengine mambo yangepita, lakini kila siku angekuja kazini na hofu hii hii.

"Si yangu, bosi. Ni programu huria. Leseni ilikuwepo, nikaifagia."

Bosi alicheka kicheko cha mtu aliyekosa pa kushika. "Basi irudishe. Kazi ya dakika mbili hiyo."

"Ya kwake itarudi," mwanasheria alisema, akawageukia mafundi wengine. "Na nyinyi mlifagia nini?"

Fundi wa sehemu ya malipo aliinamia kompyuta ambayo hakuwa ameiwasha. Wa maabara alifuta miwani, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Bosi alisubiri walau mmoja aseme hakuna, akasubiri, kisha akavuta kiti akakaa.