Mashine Isiyo na Diski Ilijibu SAWA

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo sijaisahau mpaka leo. Nimesimama mapokezi, hospitali moja kule Magu. Mbele yangu kompyuta kumi, hakuna hata moja inayowaka mpaka mwisho. Akina mama wamejaa kwenye benchi na watoto wao, na kadi zao za karatasi zimeshafungiwa stoo, maana sisi ndio tuliosema kompyuta zinaanza kazi siku hiyo. Muuguzi mkuu akaniuliza taratibu, "Baba, hizi mlizijaribu?"

Nikatoa karatasi ya ukaguzi. Mashine kumi, SAWA kumi.

"SAWA naisoma," akasema, "ila naona giza."

Ngoja nikurudishe nyuma. Miaka ile ya tisini biashara ilikuwa imefunguliwa, na kompyuta zilizochakaa huko nje zilikuwa zikiingia Mwanza kama mitumba. Karakana yetu ilikuwa mtaa wa Mirongo, hapo hapo Mwanza, mali ya Bwana Machumu. Mimi wa darasa la saba, tayari nina mke na watoto wawili, niliajiriwa kubeba maboksi. Aliyenitoa kwenye maboksi ni dada Koku, mtu wa Bukoba, msomi asiyejivuna. Yeye ndiye aliyetengeneza programu ya kukusanya vipande vya mfumo endeshi, ile programu mama inayoiendesha kompyuta, na kuvifanya nakala moja kamili, tunayoipakia kila mashine. Tuliiita kalibu, kama ile ya kufyatulia matofali.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa kwenye flopi, ile diski ndogo ya kuchomeka kwa nje. Unaichomeka, unawasha, inakagua yenyewe, inaandika SAWA au HAPANA. Hiyo aliiandika Deusi, fundi mkuu. Jina nalitaja makusudi.

Siku moja nilisahau kufunga ndani ya mashine diski kubwa, ile inayotunza mfumo wote. Tumbo tupu kabisa! Nikachomeka flopi, ikaandika SAWA. Nikamfuata.

"Kaka Deusi, ukaguzi wako unapitisha hata mashine isiyo na diski."

"Wewe wa darasa la saba, unakagua kompyuta au kompyuta inakukagua wewe?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka nao, nikanyamaza. Kosa langu ndilo hilo, mwanangu. Dada Koku alikuwa meza ya pili tu, na sikumwambia.

Mashine za Magu zikapitishwa na flopi hiyo hiyo. Niliporudi kutoka kule, Machumu alitaka jina la mtu. Deusi hakupepesa jicho: "Ni kalibu ya Koku." Dada Koku akapewa wiki moja ya kurekebisha. Jioni akaniita.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Kalibu yangu ina kosa kweli, sehemu ya kuwashia mashine haikuingia. Hilo ni langu. Lakini ukaguzi ungelikamata, ningelirekebisha siku hiyo hiyo. Wewe ulikuwa na ushahidi mkononi, ukauficha ili usichekwe." Kisha akasema, "Vuta kiti."

Tukaona maajabu. Flopi ya Deusi ilikuwa inajikagua yenyewe! Mashine iliwaka kwa nguvu ya flopi, flopi ikasoma mafaili yaliyo ndani yake, ikajisifu. Koku akaanza kuandika vipimo upya, na akanipa kazi ya kuharibu. Nafuta faili, nachomoa diski, naondoa sehemu ya kuwashia. Kipimo kisiposema HAPANA, tunakitupa. Cha mwisho nilikitunga mimi: toa flopi, zima, washa, mashine isimame peke yake. Koku akaandika jina langu ndani ya programu, juu ya kipimo kile. Hakuna cheti nilichowahi kupata zaidi ya hicho.

Kompyuta za Magu ziliwaka zote. Kesho yake Machumu akampa Koku barua ya kumfukuza. Nikaenda kumweleza Machumu ukweli wote, akanijibu, "Umechelewa, mteja ameshaambiwa kosa ni la Koku." Koku alipanda meli kurudi kwao na alinipa mkono kama mtu asiyenidai kitu. Karakana niliyo nayo, ada za shule za watoto, heshima ninayopewa mtaani, vyote vimetoka kwenye wiki ile. Nina uchungu, ndiyo, lakini shukrani yangu kwake ni kubwa kuliko uchungu.

Kwa hiyo mwanangu, kifaa cha kupima usikiamini mpaka umekiona kikikataa kitu kibovu. Na ukiona kibovu kimepitishwa, sema siku hiyo hiyo, wakucheke mpaka wachoke. Mungu akupe macho ya kuona na mdomo usioogopa, akukutanishe na watu wa kukuambia "vuta kiti".

Kosa langu mimi nimeshalijibu. Deusi yuko hapa hapa mjini, anaitwa mtaalamu, anapewa kiti cha mbele. Machumu naye yupo. Wasimame mbele ya watu waseme nani aliandika ukaguzi ule, na kwa nini barua alipewa dada Koku. Nasubiri jibu.