Nyasi za Upande wa Mbogo

Juzi tulikuwa Miembeni tunakunywa chai, rafiki yangu akanisomea kutoka kwenye simu hifadhi za dunia ambazo eti mtu asife kabla hajaziona. Yellowstone, Kruger, Serengeti. Akaniuliza ningeanza na ipi. Nikamwambia hifadhi ya kwanza kuingia maishani mwangu niliingia kwa siri, nikimfuata bibi yangu aliyeshika mundu.

Hiyo ilikuwa Kimwani, kijijini kwake, nikiwa bado sijaanza shule. Nyumba ya bibi haikuwa na mkeka wala kapeti. Sakafu ilitandikwa nyasi, na zikiwa mbichi harufu yake ilikupokea mlangoni kabla ya harufu ya ndizi jikoni. Wageni walikaa juu yake wakitafuna buni za kahawa zilizokaushwa. Bibi alisema kumkalisha mgeni kwenye nyasi kuukuu ni kumfukuza kwa upole.

Basi wakaja wageni wa kumposa mama mdogo. Yaani walikuwa waje kesho yake, na nyasi hazikuwepo. Upande wetu ng'ombe na jua walikwisha kuzimaliza. Zilizobaki, ndefu na laini, zilikuwa ng'ambo ya mawe ya mpaka, ndani ya pori la akiba, ambako kukata hata jani kulikatazwa. Nilimuuliza bibi nani aliyaweka yale mawe. Akasema hajui, ila yalimkuta tayari anakata.

Alikata haraka, bila wimbo, na hilo peke yake lilinitia hofu. Mimi nilikusanya. Kisha mundu ukanyamaza. Mbele yetu, mahali ambapo nilidhani pana kichuguu, palikuwa na mbogo, pua juu, anatutazama.

Sikusikia mtu akija. Nilisikia sauti ya kiume nyuma yetu, ya chini kabisa: "Mama, usitikisike." Nikageuka. Alikuwa askari wa wanyamapori, bunduki mkononi.

Sasa wewe unajua malezi yetu. Mtoto wa kike hamwamkii mkubwa akiwa amesimama, na hainuki mpaka aitikiwe. Nilipiga magoti palepale, nyasi zikanifunika kichwa, nikasema, "Shikamoo."

Askari hakuitikia. Nilisikia mbogo akipuliza pua na ukwato ukivunja kitu kikavu, karibu zaidi kuliko mwanzo. Nikaona viatu vya askari na nyayo za bibi, zimeng'ang'ania udongo. Nilitaka kukimbia. Lakini sikuwa nimeitikiwa, kwa hiyo nilibaki chini, magoti yakiuma, nikisubiri.

Kisha nyasi zikavuma kuelekea bondeni, na vishindo vikaenda vikififia.

"Marahaba," akasema askari, akishusha bunduki.

Hakutukamata, lakini aliamuru nyasi zibaki. Bibi alimwambia kwa utaratibu, "Baba, kesho wageni wangu watakaa wapi?" Akajibu kwamba wangekaa matangani kama yeye angechelewa kufika kidogo tu. Njiani bibi alisema adabu imeniokoa. Askari, aliyetusindikiza hadi kwenye mawe, alisema ni upepo tu uliompelekea mbogo harufu yetu akakimbia, na kwamba kule kupiga magoti kungeweza kutuua sote. Nimesoma mpaka chuo kikuu na bado sijui nani kati yao alikuwa sahihi.

Usiku ule bibi alitoa nyasi za kitandani kwake, akazitandika sebuleni, akalala juu ya mbao. Kesho yake mzee wa wageni alipoketi alizipapasa zile nyasi kuukuu kwa kiganja, akamtazama bibi, kisha akaomba kahawa. Mama mdogo aliolewa.

Mwaka huu nilikwenda Kimwani kwa posa ya binti yake. Sebuleni pana marumaru, na wageni waliingia na viatu. Pori sasa ni hifadhi ya taifa, na watalii hulipiga picha. Nilisimama kwenye mpaka nikaziona nyasi, ndefu kuliko zamani, zimelalia upande mmoja kwa upepo. Hakuna anayehitaji kuzikataza tena, kwa sababu hakuna anayezitaka.