Kuku Mweupe wa Mzee Munyoki

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la tatu, huko Zombe, mashambani Kitui, siku punda wetu wa kubeba maji aliposhtuka na kunitupa juu ya mawe. Mlio wa mfupa niliusikia kabla ya uchungu. Mguu wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Mama alikuwa Kitui mjini kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Niliyebaki naye ni Susu, nyanya yangu mzaa baba, na Susu hakujiuliza mara mbili. Alimwita Mzee Munyoki, aliyeunga mifupa ya watu na ya mbuzi upande wote ule. Mzee alinipapasa kwa vidole vilivyopakwa mafuta, akauvuta mguu, nikalia mpaka sauti ikaisha. Kisha akaufunga kwa vijiti na vitambaa. Baada ya hapo akaomba kuku. Susu akamletea kuku mweupe, na mzee akamvunja mguu, akamfunga vijiti vidogo kama vyangu.

"Muangalie huyu," akaniambia. "Siku atatembea, na wewe utatembea."

Kuku akawekwa ndani ya kikapu kando ya kitanda changu, na mimi sikulala vizuri tena. Akisinzia, nilimgusa aamke. Akikataa maji, na mimi nilikataa uji. Nina watoto sasa, na hata wakipata homa sijawahi kuwaangalia kwa wasiwasi kama ule.

Mama aliporudi alikuta vidole vya mguu wangu vimevimba, vimekuwa baridi, na rangi imebadilika. Mama alikuwa ameokoka, na mambo ya kuku hakuyataka kwake. Lakini siku hiyo hakuhubiri. Alikata vile vitambaa kwa kisu cha jikoni, akatafuta gari.

Hospitalini walinipiga picha, wakaona vipande vya mfupa vimepandana. Wakanipasua, wakaunyoosha na kuushika kwa chuma na skrubu. Daktari alimwambia Mama kwamba vitambaa vilizuia damu kupita, na kama tungekawia zaidi, mguu ungekatwa. Nilirudi nyumbani na plasta na magongo. Kitu cha kwanza nilichotafuta ni kikapu. Kilikuwa kitupu.

"Alikufa," Susu akasema, akaangalia kando.

Plasta ilipotolewa, daktari alitazama picha mpya akafurahi. "Mfupa umeshika," akasema. "Sasa kanyaga."

Sikukanyaga. Nilizunguka boma kwa magongo kutwa nzima, nisiweze kukaa wala kutulia, mguu ukining'inia bila kugusa chini. Akina mama wa kanisa walikuja wakaniombea. Mama alinibembeleza, akanigombeza, akanibembeleza tena. Paja likaanza kukonda, na daktari akaonya kwamba nikiendelea hivyo goti litakauka.

"Lakini kuku alikufa," nikamwambia Mama.

"Wewe ni kuku?"

Nilijua tu kwamba mguu wangu ulikuwa umekufa pamoja na yule kuku.

Halafu alasiri moja Mzee Munyoki akaingia bomani. Mama alikuwa anafua. Nilidhani atamfukuza, lakini alifuta kiti kwa leso akamsogezea. Mzee akakaa, akaangalia kovu refu lililoachwa na upasuaji, akatingisha kichwa kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine.

"Nimesikia unaogopa sababu ya yule kuku," akasema. "Nani alikuambia alikuwa peke yake? Mimi navunja wawili. Mmoja anakaa kwa mgonjwa, mmoja anakaa kwangu."

"Na huyo wa kwako?"

"Anatembea. Hata ametaga."

Nilimgeukia Mama. Nilingoja aseme ni mambo ya shetani. Alikuwa ameinama kwenye karai, akikamua shati ambalo halikuwa na maji tena.

"Si umesikia mzee," akasema.

Nikaweka mguu chini. Uliuma, ukatetemeka, ukanibeba.

Miaka mingi baadaye, Susu ndiye aliyeniambia kwamba Mama alikuwa ameenda mwenyewe kwa Mzee Munyoki kumwomba aje, mtu ambaye hakuwa amemsalimia tangu siku ya kisu. Kama kweli palikuwa na kuku wa pili, Susu hakujua. Niliwahi kumuuliza Mama. Alinijibu, "Ulitembea au hukutembea?" akaondoka kwenda kuangalia chungu.

Baridi ya Julai ikifika, kile chuma huniuma, nami huzunguka nyumba nikifikiria watu hawa. Mzee karibu aniharibie mguu, na hilo sijalisahau. Lakini alikuja kwenye boma ambako awali hakutakiwa. Na Mama, kwa alasiri moja, aliliacha neno la kuku, aliloliogopa kuliko yote, lisemwe mlangoni pake.

Mpaka leo Mama husimama kanisani akashuhudia jinsi Mungu alivyoniponya. Humtaja daktari. Mzee hamtaji. Mimi huwa nimekaa pale, na watu wakisema amina, nami husema, na huwa namaanisha.